Fadhili za Mungu katika majira ya kipupwe

Majira ya kipupwe ndiyo haya, yale ya Juni hadi Agosti. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, tangu Makete na Njombe hadi Mufindi, jua linapochomoza hukuta majani ya viazi mabondeni yamefunikwa na jalidi nyeupe, na waamini wanaowahi Misa ya kwanza huingia kanisani wamejifunika blanketi juu ya makoti. Na katika mazungumzo ya kila siku, sokoni na njiani, husikika neno lile lile: baridi hii ni adhabu. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: mtoto akipatwa na kichomi, anatafutwa mchawi kabla ya kutafutwa zahanati.

Mpendwa mwanatafakari, leo tunapenda kujiuliza pamoja nawe swali moja. Je, Mkristo anaweza kuitazama baridi hii na kuona ndani yake fadhili za Mungu? Jibu letu ni ndiyo. Lakini ndiyo hiyo ina gharama yake, na asiyekuwa tayari kuilipa afadhali anyamaze kuliko kumsifu Mungu kwa jambo linalomtesa jirani yake.

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Baada ya gharika, Mungu alimwahidi Nuhu kwamba muda wote dunia idumupo, baridi na joto havitakoma, kama vile kupanda na kuvuna visivyokoma (taz. Mwa 8:22). Ndiyo kusema, baridi imetajwa ndani ya ahadi, wala haimo katika orodha ya laana. Mzaburi anaiona theluji kama sufu ambayo Mungu mwenyewe anaigawa, kisha anakiri kwamba ni Neno lake Mungu linaloiyeyusha na kuyafanya maji yatiririke tena (taz. Zab 147:16-18). Yoshua bin Sira anamwona Mungu akimwaga jalidi juu ya nchi kama mtu anyunyizavyo chumvi (taz. YbS 43:19). Naye Ayubu, alipotaka kumhoji Mungu, aliulizwa kama anajua barafu ilitoka katika tumbo la nani (taz. Ayu 38:29). Katika sehemu zote hizo baridi ina mwenyewe, na mwenyewe si Ibilisi wala mchawi wa kitongoji cha pili.

Lakini ushuhuda mkubwa kuliko yote tunaupata katika kitabu cha Nabii Danieli, ule utenzi mrefu ambao Mama Kanisa anatupatia katika Masifu ya Asubuhi ya Dominika, juma la kwanza na la tatu. Humo viumbe vyote vinaalikwa kumhimidi Bwana, na katika msafara huo baridi, umande, jalidi, barafu na theluji vimepewa nafasi yao kamili. Tunausali mara nyingi kiasi kwamba tunasahau ulitoka katika vinywa vya nani. Uliimbwa na vijana watatu waliotupwa ndani ya tanuru ya moto! Na Maandiko yanatuambia kwamba malaika wa Bwana alishuka akaifanya sehemu ya kati ya tanuru kuwa kama mahali penye upepo wa umande (taz. Dan 3:50). Kumbe, kwa vijana wale, fadhili za Mungu zilifika zikiwa na sura ya ubaridi. Aliyekuwa motoni alijua thamani ya umande. Basi, kiumbe tunachokilalamikia leo ni kile kile ambacho kwa mwingine kilikuwa wokovu.

Tukitoka katika Maandiko na kufungua kitabu kingine cha Mungu, yaani kitabu cha viumbe, tunakuta ushuhuda huo huo. Katika miezi hii jua limesogea upande wa kaskazini wa dunia, na pepo za kusi zinatuletea hewa ya ubaridi kutoka kusini. Mawingu yanakuwa machache, na anga lisilo na mawingu ni kama nyumba isiyo na dari: joto ambalo ardhi imelipokea mchana linapanda na kupotea usiku. Hewa iliyopoa ni nzito, nayo huteremka taratibu kama maji na kujaa mabondeni. Ndiyo maana mkulima wa mlimani anaweza kuamka salama, na ndugu yake wa bondeni akakuta viazi vyake vimeungua kwa jalidi. Hakuna mkono wa mtu katika jambo hilo. Ni utaratibu, na utaratibu unaoeleweka ni fadhili ya kwanza, kwa kuwa unamwezesha mkulima kuchagua mahali pa kupanda na wakati wa kupanda.

Tena baridi hii inafanya kazi tusiyoiona. Viazi mviringo, chakula chetu cha kila siku, huanza kutunga vizuri chini ya ardhi pale usiku unapokuwa wa ubaridi. Pareto haitoi maua ya kutosha bila kupata kipindi cha baridi. Mti wa tofaa hulala usingizi wakati wa baridi, na usipoupata usingizi huo wa kutosha, machipukizi yake huamka ovyo na mavuno huwa hafifu. Aidha, kijidudu cha malaria kinashindwa kukua ndani ya mwili wa mbu pale hewa inapokaa chini ya nyuzi joto 16 hivi. Mama anayemfunika mtoto wake blanketi mbili usiku wa Julai hapa Njombe haoni kwamba baridi hiyo hiyo inamsaidia kumlinda mtoto na ugonjwa ambao umezika watoto wengi wa nyanda za chini. Mkoa huu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, na baridi ina sehemu yake katika zawadi hiyo.

Ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini kwa masomo au kazi wanakutana na baridi kali kuliko hii yetu, nao pia wana la kutushuhudia. Maji yana tabia ya pekee: yanapopoa kufikia nyuzi 4 ndipo yanapokuwa mazito kuliko yote, na yakipoa zaidi yanaanza kuwa mepesi, hata barafu inaelea juu. Ingekuwa kinyume chake, maziwa ya nchi hizo yangeganda tangu chini na samaki wangekufa. Sasa barafu inakuwa kama paa, na chini yake viumbe vinaendelea kuishi hadi majira yageuke. Hali kadhalika ngano inayopandwa kabla ya majira ya baridi hulala chini ya theluji kama chini ya blanketi, na bila kupita katika baridi hiyo haichanui masuke. Nasi tunajua ngano ni nini kwetu. Hostia tunayoipokea mikononi au ulimini ni tunda la zao linalopenda ubaridi. Hata hapa nchini ngano hustawi katika nchi za juu, sio katika joto la pwani. Bwana wetu alipojifananisha na punje ya ngano inayoanguka ardhini na kufa (taz. Yn 12:24), alichagua mbegu ambayo mara nyingi hupita katika baridi kabla ya kuwa mkate.

Tunao pia mfano wetu wa karibu. Uwanda wa Kitulo, ambao tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa, wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake. Anayefika huko katika kilele cha kipupwe ataona nyasi kavu na upepo mkali, akaweza kudhani jina hilo ni la utani. Lakini chini ya nyasi zile, okidi zimejificha katika viazi vyake vidogo ardhini, zikisubiri. Mvua zikishanyesha, kuanzia mwezi wa Novemba, uwanda mzima unavikwa rangi. Bustani ya Mungu haiachi kuwa bustani wakati wa baridi. Inakuwa imelala tu. Ni wangapi kati yetu wanapita katika majira kama hayo ya roho, sala imekauka, nyumba imepoa, wakadhani Mungu amehama?

Hadi hapa, mpendwa msomaji, tumesema yaliyo rahisi kusema. Sasa tuseme yaliyo magumu. Baridi inaua. Inawapata zaidi watoto wachanga, wazee na wagonjwa. Inaharibu shamba la mtu ambaye alikopa ili anunue mbegu. Kila kipupwe tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, wasiamke tena, kwa sababu mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Mbele ya jeneza la familia kama hiyo, nani atathubutu kusimama na kuhubiri kwamba baridi ni fadhili?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatufundisha kwamba Mungu aliuumba ulimwengu ukiwa safarini kuelekea ukamilifu wake, na kwamba muda wote wa safari hiyo, pamoja na mema ya maumbile, yapo pia mabaya ya maumbile (taz. KKK 310). Hivyo basi, hatulazimiki kuyaita maumivu mazuri. Baridi ni kiumbe chema ambacho bado kinaumiza, kama moto, kama mvua, kama mto. Lakini Mungu hakutuacha peke yetu mbele ya kiumbe hicho. Pale ambapo baridi inaumiza, amekusudia fadhili zake zipite katika mikono ya watu.

Jambo hili linaonekana wazi mno katika Matendo ya Mitume. Mtume Paulo na wenzake, jumla yao watu 276, walivunjikiwa na meli wakaokoka hadi kisiwa cha Malta. Mvua ilikuwa inanyesha na baridi ilikuwa kali. Wenyeji wa kisiwa wakawasha moto, wakawapokea wote kwa ukarimu ambao Luka anausifu kuwa si wa kawaida (taz. Mdo 28:2). Tuangalie vizuri: wenyeji hao hawakuwa wamebatizwa, wala hawakuwa wamesikia Injili, na wageni wenyewe walikuwa mchanganyiko wa mabaharia, askari na wafungwa. Kabla Paulo hajafungua kinywa kuwahubiria fadhili za Mungu, wao walikuwa wamekwisha kumwonesha. Naye Mtume hakukaa kando ya moto akisubiri kuhudumiwa, aliokota mzigo wa kuni akautia motoni kwa mikono yake (taz. Mdo 28:3). Mtume wa Mataifa alibeba kuni! Hapo ndipo tunaona fadhili za Mungu katika baridi: moto uliowashwa kwa ajili ya mtu usiyemjua.

Paulo huyo huyo, mwishoni mwa maisha yake akiwa kifungoni, alimwandikia Timotheo ombi la kibinadamu kabisa: amletee joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo, tena ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi (taz. 2 Tim 4:13.21). Mzee aliyeanzisha makanisa mengi anaomba nguo yake ya kujifunika. Kila tunaposoma mistari hiyo, tuwakumbuke wazee wetu wa jumuiya ambao wanaona haya kuomba. Katika mkoa wetu wa Njombe, ambako utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016-17 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima wakiishi na virusi vya UKIMWI, bibi wengi wamezika watoto wao na sasa wanalea wajukuu. Bibi mwenye blanketi moja na wajukuu watatu tunajua blanketi hilo analitumiaje. Wajukuu wanalala wamefunikwa, yeye anakesha mekoni.

Hapa ndipo tunapofika kwenye neno ambalo tunaomba lipokelewe kwa moyo wa Kikristo, hata kama litachoma. Torati ya Mungu inaagiza kwamba ukichukua vazi la jirani yako kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijatua, kwa kuwa hana kingine cha kujifunika, naye akimlilia Mungu, Mungu atamsikia, kwa kuwa ni mwenye huruma (taz. Kut 22:26-27). Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya usiku wa baridi. Siku hizi tunashuhudia mikopo ambayo wananchi wenyewe wameibatiza jina la kausha damu, na vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo mwanachama akichelewesha marejesho, wenzake wanakwenda nyumbani kwake na kutoka na godoro. Wanaolibeba godoro hilo, mara nyingi, ni watu tunaokomunika nao meza moja Dominika. Na godoro hilo halirudi jua likitua.

Wapo watakaosema: katiba ya kikundi inaruhusu, mkopaji alisaini, na bila ukali fedha za wanyonge wengine zitapotea. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi, maana fedha za kikundi ni jasho la akina mama wengi, na mwenye deni ana wajibu wa kulipa. Lakini hata Torati haikufuta deni la mtu yule. Iliacha deni lisimame, ikarudisha vazi. Dai jembe la akiba, dai redio, dai kuku, mpange mtu muda mpya wa kulipa. Ila kitu kinachomtenga mtoto na sakafu ya baridi usikiguse. Katiba ya kikundi haiwezi kuwa juu ya Neno la Mungu. Nabii Amosi aliwakemea watu waliojinyosha kando ya madhabahu juu ya mavazi yaliyowekwa rehani (taz. Amo 2:8). Tusije tukawa watu wa namna hiyo, tukiimba utenzi wa vijana watatu na kuialika baridi imhimidi Bwana, huku godoro la jirani limeegemea ukuta wa nyumba ya mhasibu wetu.

Mtakatifu Martino wa Tours anatuonesha njia nyingine. Akiwa bado askari kijana na mkatekumeni, asiyebatizwa, alikutana na maskini aliyekuwa karibu uchi katika lango la mji wa Amiens, nchi ya Gallia, ambayo leo ni Ufaransa, wakati wa baridi kali. Hakuwa na fedha. Alichukua upanga, akalikata joho lake vipande viwili, akampa maskini nusu. Usiku ule akamwona Kristo katika ndoto amevaa nusu ile. Alitoa nusu tu, naye akabaki na nusu ya kujifunika. Hivyo wote wawili walipata kiasi cha baridi na kiasi cha joto. Na ni jambo la kutafakarisha kwamba kipande cha joho hilo, kwa Kilatini cappella, ndicho kilichozaa jina ambalo lugha nyingi za Ulaya zinayaita makanisa madogo. Nyumba ya sala imeazima jina kutoka kwa nguo iliyogawanywa wakati wa baridi.

Hivyo basi, ndugu wapendwa, tunapendekeza mambo machache kwa kila Jumuiya Ndogo Ndogo. Mosi, katika sala ya jumuiya ya juma hili itengenezwe orodha ya nyumba zenye wazee wanaoishi peke yao, watoto wachanga na wagonjwa, na kila nyumba ipewe mtu wa kuitembelea. Pili, mwenye blanketi la ziada asisubiri mchango wa parokia, alipeleke mwenyewe. Na vijana wa VIWAWA wawapasulie wazee kuni. Tatu, viongozi wa WAWATA na UWAKA walio katika vikundi vya kukopeshana walete ajenda ya kuondoa magodoro, blanketi na vyombo vya kupikia katika vitu vinavyoweza kushikwa kwa deni. Nne, tuambizane bila kuchoka kwamba jiko la mkaa halilazwi chumbani, kwamba pombe haileti joto bali hupanua mishipa ya damu ya ngozini na kuupoteza haraka zaidi joto la mwili, na kwamba mtoto anayepumua kwa shida anapelekwa zahanati siku hiyo hiyo. Yaache maneno ya uchawi. Kichomi kina dawa, na chanjo zinatolewa kliniki.

Mtume Yakobo anatuonya kuhusu mtu anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende akaote moto na kushiba, bila kumpa chochote (taz. Yak 2:15-16). Sifa tunayompa Mungu kwa ajili ya kipupwe inapimwa hapo. Petro aliwahi kuota moto wa makaa katika usiku wa baridi, na akiwa hapo motoni alimkana Bwana aliyekuwa amefungwa hatua chache tu kutoka kwake (taz. Yn 18:18). Baada ya ufufuko alikuta moto mwingine wa makaa kandokando ya ziwa, na aliyeuandaa alikuwa Bwana mwenyewe, na juu yake kulikuwa na samaki, na mkate ulikuwepo (taz. Yn 21:9). Kila moto tunaouota katika majira haya unaweza kuwa wa namna ya kwanza au wa namna ya pili, kutegemea kama tumemwona aliyeachwa nje.

Tunawatakia nyote juma lenye joto la upendo. Jalidi na baridi vimhimidi Bwana, navyo vipate pia sauti ya bibi aliyelala usingizi mzuri usiku huu kwa sababu ya blanketi lako.

Tumsifu Yesu Kristo!